Kitabu cha Asili Unachokitafuta Kina Waafrika Ndani ya Makasha

Mzazi mmoja alinishika mkono mwezi uliopita baada ya kikao cha wazazi, tukiwa bado mlangoni. "Mwalimu, nisaidie. Ile Charlie ya chokoleti, mimi nataka ile ya asili. Ya zamani, kabla hawa wa siku hizi hawajaichezea. Nasikia wamefuta maneno."

Nikamuuliza: asili ya mwaka gani?

Akanitazama kama niliyemtega. "Ya asili, Mwalimu. Ile aliyoiandika mwenyewe."

Swali hili nimeulizwa na wakutubi, na walimu, na shangazi anayerudi kutoka London akiwa na nafasi ya vitabu viwili tu kwenye sanduku, na vijana wanaopiga picha za majalada ya zamani wakitaka nithibitishe kwamba "hii ndiyo yenyewe." Tangu Februari 2023, ulimwengu ulipopata habari kwamba wachapishaji wa Roald Dahl, mwandishi wa Charlie, wamebadilisha maneno katika vitabu vyake, swali limekuwa halilali. Nimechoka kulijibu nikiwa nimesimama mlangoni, kwa hiyo leo nalijibu nikiwa nimeketi.

Hadithi yenyewe siisimulii. Anayesoma makala haya anamjua Charlie Bucket na babu na bibi zake wanaolala kitanda kimoja, anamjua Willy Wonka, anazijua tiketi tano za dhahabu na wale watoto wanne walioponzwa na ulafi, kudeka, kutafuna na televisheni. Anawajua pia Oompa-Loompa, wafanyakazi wadogo wa kiwanda. Mwambie yeyote akuchoree mmoja wao: atachukua kalamu ya rangi ya chungwa apake uso, kisha ya kijani apake nywele. Kiumbe huyo hayumo katika maneno ya Dahl, toleo lolote utakalolifungua. Ametoka kwenye filamu ya mwaka 1971. Watu wanaoniomba kitabu kisichoguswa wanabeba kichwani picha ya filamu na kuiita kumbukumbu ya kitabu.

Basi tukifungue hicho cha asili. Kilitoka Marekani mwaka 1964 kwa Alfred A. Knopf, na Uingereza mwaka 1967 kwa George Allen & Unwin. Ndani yake wafanyakazi wa Wonka ni mbilikimo weusi wa Afrika. Wonka anawaeleza wageni wake kwamba aliwakuta katikati kabisa ya msitu wenye giza, mahali ambapo, kwa maelezo yake, hapajawahi kukanyagwa na mzungu. Wanaishi juu ya miti. Wanakula viwavi kwa kukosa kingine, na roho zao zinalilia kakao. Wonka anapatana na mkuu wao: njooni wote kiwandani kwangu, nitawalipa punje za kakao. Kisha anawasafirisha hadi kwake ndani ya makasha ya mizigo yaliyotobolewa matundu ya hewa.

Hiyo ndiyo aliyoiandika mwenyewe. Yule mzazi aliyenishika mkono alikuwa anamtafutia binti yake wa miaka tisa ukurasa huo, bila kujua.

Nikisema hivi, hujibiwa kwa utetezi wa aina tatu, na kila mmoja unanikera kwa namna yake.

Wa kwanza ni kwamba Dahl hakuwajua Waafrika, alibahatisha tu akiwa mbali. Si kweli. Dahl alikuja Tanganyika mwaka 1938 akiwa kijana wa miaka 22, mwajiriwa wa kampuni ya mafuta ya Shell, akakaa Dar es Salaam mpaka vita vilipoanza, ndipo akaenda Nairobi kujifunza urubani. Alijifunza Kiswahili. Kumbukumbu za miaka hiyo amezieleza mwenyewe katika Going Solo, kitabu cha mwaka 1986, na humo Waafrika wana majina, wana kazi, wanasema, wanakasirika, wanahuzunika. Huyu ni mtu aliyesalimiwa kwa Kiswahili na akajua maana yake. Miaka 25 baada ya kuondoka pwani yetu alihitaji kundi la wafanyakazi kwa ajili ya hadithi, na kumbukumbu za watu aliowafahamu hazikumsaidia. Aliinua mkono akachukua picha iliyokuwa tayari kwenye rafu za Ulaya: msitu, giza, vijitu vidogo vinavyocheka na kuimba, bwana mwema anayekuja kuwaokoa. Kwangu mimi hilo ni zito kuliko kutojua. Linaonyesha jinsi picha ya kurithi inavyoweza kumshinda mtu aliyeona kwa macho yake.

Wa pili ni ule wa "zama zile watu wote walifikiri hivyo." Watu wote wepi? Waliopinga walikuwa wa zama zilezile. Ilipojulikana kwamba kitabu kinafanywa filamu, NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za Wamarekani weusi, kilitoa malalamiko. Mwaka 1972 Eleanor Cameron, naye mwandishi wa vitabu vya watoto, alikishambulia kitabu katika jarida la The Horn Book, na Dahl akamjibu kwa ukali mwaka uliofuata. Hao hawakuwa vijana wa leo wenye simu.

Tena zama hizo zilikuwa na kumbukumbu mbichi. Ota Benga, kijana Mbuti kutoka Kongo, alipelekwa Marekani akaonyeshwa kwenye maonyesho ya St. Louis mwaka 1904, na mwaka 1906 akawekwa katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, pamoja na nyani, watu wakilundikana kumtazama. Wachungaji weusi wa jiji hilo walipiga kelele mpaka akatolewa. Alijiua mwaka 1916, mwaka aliozaliwa Roald Dahl. Mtu mfupi wa msituni aliyesafirishwa kuvuka bahari kwa manufaa ya mwenyeji wake alikuwa na jina na kaburi kabla Dahl hajajua kusoma. Nawaomba wanaosema "ni zama tu" wakumbuke hivyo.

Utetezi wa tatu ndio ninaoulizwa na watu wenye akili zao, na kwa hiyo unanichosha zaidi: "Lakini Mwalimu, hii ni hadithi ya kubuni. Mbona Wonka mwenyewe hayupo?" Hayupo, ndiyo. Mji wa Charlie hauna jina, kiwanda hakina anwani, nchi haitajwi. Dahl alijua kabisa namna ya kuficha mahali pasionekane kwenye ramani, na alifanya hivyo kwa mji na kiwanda, lakini si kwa Afrika. Ndani ya kitabu cha 1964, bara letu limetajwa kwa jina lake halisi kama mahali ambapo bidhaa ya ajabu inatoka, na bidhaa yenyewe ni watu. Msomaji wa Kiswahili aliyekulia Bunia, Beni au Bundibugyo anawajua Bambuti na Batwa kwa majina ya koo zao. Amenunua kwao asali. Akisoma ukurasa ule hakutani na kiumbe wa kubuni. Anakutana na jirani yake ndani ya kasha.

(Na kakao yenyewe, kwa anayependa kujua, si mti wa msitu wa Afrika. Asili yake ni Amerika, ikaletwa huku na wakoloni katika karne ya 19. Leo zaidi ya nusu ya kakao ya dunia inatoka Côte d'Ivoire na Ghana, na wakulima wengi wanaoivuna hawaimudu chokoleti inayotokana nayo. Ukilifikiria hilo, malipo ya punje yanapoteza uchangamfu wake.)

Sasa njoo kwenye jambo ambalo karibu kila mtu analielewa kinyume. Watu huniuliza, filamu ipi imefuata kitabu? Katika suala la Oompa-Loompa, kitabu ndicho kilichofuata filamu.

Filamu ya kwanza, Willy Wonka & the Chocolate Factory, iliongozwa na Mel Stuart, Gene Wilder akiwa Wonka. Ilipigwa Munich, ikagharamiwa na Quaker Oats, kampuni iliyokuwa na mpango wa kuuza peremende kwa jina la Wonka. Watengenezaji walikuwa wameyasikia malalamiko. Wakawatoa Oompa-Loompa Afrika, wakawapa rangi ambayo hakuna binadamu anayo, na Wonka wa kwenye filamu akasema wametoka Loompaland, nchi ambayo hata mwalimu wa jiografia aliyekuwamo msafarani hakuwahi kuisikia. Hiyo ni 1971. Mwaka 1973 ndipo likatoka toleo la kitabu lililorekebishwa na Dahl mwenyewe. Humo Afrika imeondoka, Loompaland imeingia, na Oompa-Loompa wamekuwa na ngozi nyeupe yenye wekundu wa waridi na nywele ndefu za rangi ya dhahabu na kahawia. Michoro nayo ikabadilishwa. Miaka mingi baadaye alipoulizwa, Dahl alieleza kwamba hakukusudia ubaguzi, aliwaona kuwa viumbe wa kupendeza, lakini baada ya kuwasikiliza wakosoaji alijikuta anakubaliana nao.

Kwa hiyo nakala uliyoisoma shuleni miaka ya 1980, yenye kurasa za manjano, ambayo leo unaiapia kuwa ndiyo ya asili, ilikuwa tayari imeguswa. Aliyeigusa wa kwanza ni mwenye kitabu. Na hata hiyo ya 1964 ilikuwa na miswada nyuma yake iliyo tofauti kabisa. Mwaka 2017 mjane wake, Felicity, aliiambia BBC kwamba Charlie wa mwanzo alikuwa mtoto mweusi, na mwandishi wa maisha ya Dahl akaongeza kwamba wakala wake ndiye aliyeshauri abadilishwe. Katika mswada mmoja wa mapema mtoto huyo anakwama ndani ya kinyago cha chokoleti. Walikuwepo watoto wengine pia, akina Miranda Piker na Marvin Prune, waliokatwa njiani. Mtafuta asili atasimama wapi? Akiingia ndani zaidi anamkuta Charlie mweusi, ambaye nina hakika siye anayemtafuta.

Hapa nisieleweke vibaya. Sisemi rekebisho la 1973 lilimaliza kazi. Kuna wanaosema, na baadhi yao ni walimu wenzangu, kwamba rangi ilipobadilika tatizo likafa. Hao nao wasome tena, polepole, wakiwa na kalamu. Walioajiriwa kwanza na Wonka walikuwa watu wa mji uleule wa Charlie. Aliwafukuza wote kwa sababu wapelelezi wa washindani wake waliiba siri zake, akafunga geti, kisha akafungua kiwanda upya na watu aliowaleta kutoka mbali, wasiotoka nje, wanaolipwa punje. Ndani ya kiwanda hicho anawajaribia bidhaa. Ule ubani wa kutafuna uliomgeuza Violet, mmoja wa wale watoto wanne, kuwa tunda la buluu ulikuwa umeshajaribiwa kwa Oompa-Loompa ishirini, na wote ishirini waligeuka. Kinywaji cha kupaa alipewa Oompa-Loompa mzee, akapaa, hakurudi. Wonka anayasimulia haya kama mtu anayeeleza hali ya hewa, kisha msafara unaendelea chumba kinachofuata. Hayo yote yamo katika toleo la 1973, yamo leo. Waliopaka rangi waligusa ngozi, mkataba wa kazi wakauacha ulivyo.

Filamu ya 2005 ya Tim Burton inathibitisha jambo hilo. Ndiyo filamu ambayo mashabiki huisifu kwa uaminifu, na katika mambo mengi sifa ni ya haki. Burton aliwarudisha kindi wanaochambua njugu, ambao mwaka 1971 walikuwa wamegeuzwa bata bukini wanaotaga mayai ya dhahabu. Nyimbo za Oompa-Loompa Danny Elfman alizitunga kwa maneno ya Dahl. Baba yake Charlie yuko hai, kama kitabuni, akifunga vifuniko vya dawa ya meno. Lakini pamoja na uaminifu huo ukarudi msitu: Johnny Depp, ambaye ndiye Wonka, amevaa nguo za mvumbuzi wa kizungu, anakata vichaka kwa panga, anapanda juu ya miti kujadiliana na mkuu wa watu wadogo wanaokula viwavi. Oompa-Loompa wote, makumi kwa makumi, wanaigizwa na mtu mmoja, Deep Roy, mwili wake ukizidishwa kwa kamera na kompyuta. Deep Roy alizaliwa Nairobi, katika familia ya Kihindi. Ni mwigizaji hodari, na kazi aliyoifanya pale, kucheza kila hatua peke yake mara nyingi ili kundi lionekane, ni ya kuvuliwa kofia. Hata hivyo picha inayobaki machoni ni watu wa kahawia wasiotofautishika, wakimfanyia kazi bwana mmoja. Dahl alikuwa ameiondoa Afrika. Uaminifu kwa kitabu ukairudisha bila kuitaja.

Filamu iliyogusa mkataba wenyewe ni Wonka ya 2023, ya Paul King, na ndiyo isiyodai kufuata kitabu hata kidogo. Humo Hugh Grant ni Oompa-Loompa wa rangi ya chungwa na nywele za kijani, yaani mtoto wa filamu ya 1971, na anamfuatilia Wonka kijana nyakati za usiku kwa sababu Wonka alichuma kakao ya kwao bila ruhusa. Wonka ndiye mdaiwa. Oompa-Loompa anakuja kudai, tena kwa riba kubwa. Ina kasoro yake: waigizaji wenye kimo kifupi walilalamika, nami nawaunga mkono, kwamba nafasi hiyo amepewa mtu mrefu na kupunguzwa kwa kompyuta. Ila kwa mara ya kwanza tangu 1964 mtu ameuliza punje zile zilikuwa za nani.

Na 2023 ya wachapishaji, ile iliyoanzisha kelele? Ilikuwa ndogo kuliko kelele zenyewe. Augustus Gloop haitwi tena mnene kwa neno lile kavu la Dahl. Oompa-Loompa wamekuwa watu wadogo badala ya wanaume wadogo. Binafsi baadhi ya mabadiliko nayaona hayana ladha. Dahl aliandika kwa ukali, na mtoto anaujua ukali, anaupenda. Tofauti ninayoishikilia ni hii: mwaka 1973 aliyebadilisha alikuwa hai na jina lake ndilo lililokuwa jaladani. Mwaka 2023 alikuwa amekufa zaidi ya miaka 30. Mwenye hoja dhidi ya wahariri aijenge hapo, aache kulia kwa ajili ya asili ambayo hajawahi kuiona.

Sasa, ununue nini. Nitakwenda haraka maana hili ni rahisi.

Kwa mtoto wa miaka minane hadi kumi na miwili, toleo lolote la baada ya 1973 linafaa. Angalia ukurasa wa hakimiliki, si rangi ya karatasi. Ukitaka maneno makali ya Dahl yaliyokuwa yakiuzwa kabla ya 2023, wachapishaji wake, Puffin, walitangaza mwaka huohuo kwamba wataendelea kuyachapa katika mkusanyo wa vitabu 17 uliopewa jina la Classic Collection, kwa hiyo hakuna haja ya kulipia nakala kuukuu bei ya kuruka. Picha za Quentin Blake ndizo watoto wanazozipenda, msibishane nao. Soma naye kwa sauti. Mahali pa ubani na kinywaji cha kupaa simama, umuulize wale ishirini walipatwa na nini, kisha nyamaza umsikilize. Watoto hujibu vizuri kuliko sisi.

Filamu ya 1971 ina safari ya mashua ndani ya pango yenye picha za kutisha, pamoja na kuku anayekatwa kichwa. Chini ya miaka saba, ruka. Ya 2005 wanaipenda wa darasa la tano kwenda juu. Ya 2023 tazameni nyumba nzima.

Walimu wa fasihi: msikubali insha iliyoandikwa kutoka kwenye filamu. Mwanafunzi akiniandikia kwamba Charlie na babu yake walikunywa kinywaji cha kupaa kwa siri, najua ametazama ya 1971, maana kitabuni hawakunywa. Akiniandikia kwamba babu Joe aliwahi kufanya kazi kiwandani, au kwamba baba yake Wonka alikuwa daktari wa meno, hiyo ni ya 2005. Akimfanya Slugworth mtu anayewavizia watoto vichochoroni, tumerudi 1971. Kitabuni ni jina la mshindani tu. Wekeni maelezo hayo ubaoni siku ya kwanza, mtaokoa wino mwekundu.

Na ile ya 1964, ukiikuta kwenye mafungu ya mitumba au kwenye kabati la mtu aliyesoma ng'ambo, usiitupe. Usimpe mtoto pia. Ipeleke maktaba ya chuo kikuu kilicho karibu nawe, uwaombe waisajili kwa mwaka wake na waiweke kando ya ile ya 1973, ili mwanafunzi wa Bunia au wa Dar es Salaam atakayekuja kuandika tasnifu azifungue mbili pamoja, ukurasa kwa ukurasa, pale penye makasha.